Mistari Minne ya Mihogo

Yaya Jeannette, dada yangu mkubwa,

Huku Kindu sisi wote tuko wazima, na shida yenyewe njo hiyo.

Juzi tuligawanya shamba la marehemu papa kule Mikelenge. Unakumbuka mama alizaa watoto tisa akisema vita itachukua nusu. Haikuchukua hata mmoja! Mimi nimepata mistari minne ya mihogo. Wewe umepata kichuguu, lakini kiko na kumbikumbi. Jirani Barnabé, mtoto wa pekee, alirithi shamba zima, na sisi njo tunamulimia.

Tuligombana mpaka mama akasema: «Munisamehe, wanangu. Nilihesabu vibaya.»

Nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba mke wangu ana mimba ya tano. Nikabeba jembe, nikarudi na habari hiyo kwangu Alunguli.

Mdogo wako wa mistari minne,
Blanchard