Sifuri Mia Moja

Brisbane, 3 Machi 1994

Mwanangu Kelera,

Hujambo, mwanangu? Babu anaendeleaje na kifua chake, na goti la Bibi je? Mimi niko salama, ila vyumba vyao vya kusomea vina baridi kama sanduku la barafu.

Umeuliza wanataka nini hasa kabla hawajaniita daktari wa takwimu. Mwaka huu nina masomo manne na mitihani yake, nikianguka, wananirudisha. Kisha nitasimama mbele ya walimu kuutetea mpango wa utafiti wangu. Baada ya hapo ni tasnifu, na lazima iwe na jambo jipya ambalo hakuna mtu aliyewahi kulionyesha. Halafu semina ya wazi, na mwisho watahini wawili wasionijua wataisoma. Miaka mitatu na nusu, narudi nyumbani.

Utafiti wangu nataka uwe juu ya mwamba wetu wa matumbawe, pale mnapovua. Kila jioni hesabu samaki wanaoletwa ufukweni, uandike daftarini. Watu wakienda wakakosa, andika sifuri. Usiache mstari mtupu hata siku moja. Mstari mtupu unaniharibia hesabu.

Mama yako

Navuni, 20 Juni 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bibi anatembea vizuri, Babu bado anakohoa. Mimi sijambo na darasani nilikuwa wa pili.

Masharti yako yote nimeyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Ukimaliza moja, nalikata kwa wino mwekundu.

Nikishuka ufukweni, Mjomba Apisai hupiga kelele, "Karani huyo! Ficheni samaki, atatupeleka Australia!" Jana alinidanganya kwamba kapata mia moja. Nilimwambia, "Wapange hapa mchangani, Mjomba." Walikuwa kumi na saba. Babu alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Huyu ni mama yake mtupu." Kisha akawaambia wanaume, "Mtoto akihesabu, mnyamaze." Tangu siku hiyo wananyamaza, maana yeye ndiye chifu.

Babu anauliza kama utakuja Krismasi.

Mwanao, Kelera

Navuni, 9 Februari 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tunajikaza.

Je, telegramu ilikufikia? Tulimzika Babu Ijumaa. Bibi aliwaomba wangoje meli ya Alhamisi, labda ungekuwemo. Wakangoja. Ulitandikiwa mkeka wako pale mbele, upande wa wanawake, na hakuna aliyeukalia.

Mwamba umefungwa tangu mazishi. Wamesimamisha nguzo ya mwiko majini, hakuna kuvua mpaka usiku wa mia wa msiba. Mjomba Apisai hanyoi ndevu, anafanana na mbuzi, lakini hakuna anayemcheka. Tunakula muhogo na samaki wa kopo.

Daftari naendelea nalo kama ulivyoagiza. Sijaacha mstari mtupu.

Mwanao, Kelera

Brisbane, 30 Machi 1995

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa Bibi. Mwambie nalia naye.

Telegramu ililetwa asubuhi ya siku ya kutetea mpango wangu. Ningeondoka, ningeuanza mwaka upya. Nilinawa uso nikaingia. Wamenikubalia. Kata sharti la pili.

Barua yako nimeipitia harakaharaka, nitairudia nikitulia. Tuma nakala za kurasa za daftari kila mwezi, tafadhali.

Mama yako

Brisbane, 14 Agosti 1997

Kelera,

Hamjambo huko? Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Jana ilikuwa semina yangu ya wazi. Jambo langu jipya lilikuwa hili: mwaka 1995 mwamba wetu ulikufa ghafla. Sifuri mia moja mfululizo. Nilizijengea sura mbili. Siku ya mia na moja uliandika samaki mia tatu na kumi; nikadhani mtoto kakosea, nikaifuta.

Nilipomaliza, kijana mmoja wa visiwa vyetu, kutoka Kadavu, anayesomea uhandisi, aliinua mkono nyuma kabisa. Akauliza kwa adabu, "Samahani, dada. Siku hizo mia moja, mlifiwa na nani?"

Nikamwambia ni baba yangu, nikaweka chaki mezani. Walimu wakawa wananitazama.

Kwa nini hukuniambia, Kelera? Sasa wanataka sura zote mbili ziandikwe upya. Ni mwaka mwingine mzima. Nirekebishie daftari upesi.

Mama yako

Navuni, 2 Septemba 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bibi anakusalimu. Goti limemzidi, sasa anakwenda kanisani kwa kushikwa mkono.

Nilikuambia. Ni barua ya tarehe 9 Februari. Nakala yake ninayo, kwa sababu mwalimu wetu hutufundisha kuweka nakala. Wale mia tatu na kumi ni wa siku tuliyofungua mwamba, karamu ya kumaliza msiba wa Babu. Nilihesabu mara mbili.

Daftari nimelirekebisha, nakala ya kurasa zake imo ndani ya bahasha hii. Kila sifuri ya siku zile nimeifuta nikaweka kistari. Sifuri ni kwamba watu walikwenda wakakosa. Kistari ni kwamba hawakwenda.

Kuna jambo moja nimekwama. Nyuma ya daftari nilikuwa naandika meli. Kila meli ya Suva ikifika nashuka gatini, nikirudi bila wewe naandika sifuri. Ziko arobaini na moja. Bibi anasema niziache zilivyo. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha, Mama, kwa hiyo nakuuliza: hizo nazo nibadilishe, niweke vistari?

Meli nyingine inafika Alhamisi. Mstari wake nimeuacha mtupu.

Mwanao, Kelera