Kifurushi cha Bi Mwanakombo

Jumatano, Mfungo Tano. Mvua imepiga tangu asubuhi na sasa imekatika, lakini vichochoro vya Mkomani, hapa Amu, bado vinatiririka. Naandika kabla ya magharibi, kwa sababu nikingoja nitaanza kujitetea.

Mnaosoma ukurasa huu mnalijua kabati la marehemu baba. Mmeziona picha zake: kofia za chuma, vifungo vya shaba vya makoti ya askari, chupa za maji za bati, nishani zilizofifia utepe. Vyote ni vitu vya watu wa visiwa hivi waliochukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana Burma. Baba alivikusanya maisha yake yote, mimi nikavirithi pamoja na ufunguo.

Mwaka jana niliandika hapa hapa kwamba sisi wakusanyaji hatupaswi kurudisha vitu hivi kwa familia za askari. Nilijiona nimesema. Familia huviacha vikaliwa na kutu, nilisema. Watoto huvichezea, na wengine humpelekea sonara aviyeyushe. Kwangu vina kioo, kufuli na dawa ya mende. Mlinipongeza sana, na mimi nikavimba kichwa.

Nilikuwa mpumbavu.

Katika rafu ya juu palikuwa na kifurushi kidogo, cha kutosha kiganjani, kilichofungwa kwa lakiri, ile nta ya muhuri wa serikali. Kilikuwa hakijafunguliwa tangu kilipofika baada ya vita. Juu yake pamepigwa chapa jina la Mwanakombo binti Shee, mke wa askari, Pate. Chini ya jina, babu yangu mzaa baba aliandika kwa herufi za Kiarabu neno moja: amana. Siku zile watu wa Pate wakija Amu walikuwa wakishukia kwake, na mizigo na barua zao zikiachwa kwake mpaka mwenyewe aje azichukue. Babu akafa, na baba akakitia kifurushi kabatini. Mimi nikakiwekea kikaratasi: “Lakiri haijavunjwa.” Ndivyo tunavyofanya kazi sisi. Kitu kilichofungwa hakifunguliwi, maana thamani yake imo katika kule kufungwa.

Mwezi uliopita nilipachika picha yake hapa. Nilitaka sifa tu, sitawaficha. Mkusanyaji mmoja wa ng'ambo akaniandikia upesi nisithubutu kukifungua. Chini yake binti mmoja akaandika: “Hiyo jina ni ya mamake bibi yangu. Bibi bado yuko, anaishi Wiyoni. Mtamrudishia lini?”

Wiyoni! Kutoka mlangoni kwangu ni mwendo wa kutembea polepole huku unasalimiana na watu.

Nilimjibu yule binti kwamba nitalitazama suala lake. Nikalitazama wiki tatu. Kila siku nilipata udhuru mpya, mara mafua, mara wageni, mara mvua. Tangu tungali chuoni tukisoma Kurani tunafundishwa kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe, na mimi huyu ndiye mwepesi wa kuwakumbusha wenzangu barazani.

Jumapili nilikwenda kumuuliza shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye mtu pekee aliyebaki wa nyumba ile ya zamani. Nilitaraji aniambie kwamba mwenye kifurushi alitafutwa asionekane. Shangazi akasema, “Alikuwa akiya mwenyewe.”

Alikuwa akija. Bi Mwanakombo alikuwa akija kutoka Pate, mtoto mgongoni, anakaa kwenye daka, kibaraza cha mlangoni mwetu, na kumuuliza babu kama kuna habari za mumewe. Shangazi alikuwa msichana mdogo, yeye ndiye aliyekuwa akimtolea maji ya kunywa. Babu alikwisha kuambiwa na watu wa serikali kwamba yule bwana amekufa vitani, na kifurushi kilikuwa ndani. Lakini alipomwona yule mwanamke na mtoto wake, ilimshinda kumwambia. Akamwambia bado. Akasema moyoni atamwambia baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, akasema baada ya Maulidi. Ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa lake.

“Babuyo hakuwa mwivi,” alisema shangazi. “Alikuwa mwoga.”

Leo nimekwenda Wiyoni.

Mtoto yule wa mgongoni ndiye Bi Zena, ambaye sasa amepita themanini. Yule binti aliyeniandikia ni mjukuu wake, naye ndiye aliyenifungulia mlango. Bi Zena alikuwa amekaa kitandani na leso mabegani. Alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakipapasa, kisha akanirudishia. Akanambia nikifungue mimi, mato yake hayaoni tena.

Nilivunja lakiri kwa kisu cha jikoni. Miaka yote nimeilinda ile lakiri, na ilikatika kama ukoko wa mkate. Ndani mlikuwa na nishani mbili, rangi za utepe zikiwa mpya kabisa, na kikaratasi cha Kiingereza. Nikamfasiria. Kimeandikwa jina la Mwanakombo binti Shee, na kinasema mumewe alikufa vitani, na serikali inasikitika kwamba hakuishi akazipokea nishani zake mwenyewe. Mistari minne tu.

Bi Zena aliuliza kilifika lini. Nikamwambia kilifika yeye angali akibebwa mgongoni. Hapo ningeweza kunyamaza, na nakiri kwamba nilitaka sana kunyamaza. Lakini nilimweleza na lile la babu, la daka na la bado, lote kama nilivyolisikia.

Hakulia. Afadhali angelia.

Alijivutia leso mabegani. Kisha akasema, “Mamangu hakuketi eda.” Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Mama yake alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Wanaume walimposa, akakataa, maana yeye ni mke wa mtu. Hakuwahi kuitwa mjane. Hakuna hitima iliyosomwa. Kila baada ya sala walimwombea baba dua ya msafiri, arudi salama, na Bi Zena ameendelea kumwombea hivyo hivyo mpaka alfajiri ya leo. Mama yake alifariki hapo hapo Wiyoni, walikohamia baadaye kutoka Pate, akiwa kikongwe, na wiki ya mwisho akiuliza nani amebisha hodi.

“Mamangu mefa akingoya,” alisema. “Kumbe babangu yuko kwenu, kabatini.”

Niliomba radhi, na maneno yangu yalikuwa mepesi hata mimi niliyaona. Nilimwambia vitu vingine vyote vya kabatini nitavitafutia wenyewe, kimoja kimoja. Akaitikia kwa kichwa tu. Hilo halikumhusu.

Nishani alimpa mjukuu wake azitie sandukuni. Kikaratasi alikikunja, akanitia mkononi.

“Hiki si changu. Jina la mamangu hili,” alisema. “Akiya kwenu akiuliza, akiambiwa bado. Mimi maguu hayanipeleki tena, na wewe mwanamume, ndia ya makaburini waijua. Enda, mwanangu, ukampe jawabu lake.”

Nilidhani anasema kwa uchungu tu. Lakini alimwita mjukuu wake, akamwambia anichoree kaburi lilipo, safu ya ngapi na jiwe la namna gani. Ijumaa usiku watasoma hitima ya baba yake, ya kwanza, na ameniambia nije. Hataki isomwe kabla mama yake hajajua.

Kwa hiyo kesho, baada ya sala ya alfajiri, nitakwenda. Nitatoa salamu kama inavyotolewa kwa watu wa makaburini. Nitamtaja kwa jina lake na kwa jina la baba yake, na nitamwambia mimi ni mjukuu wa nani.

Nimejaribu kuandika hapa nitakachosema, nimefuta mara tatu. Kwamba mumewe amefariki, hilo naweza kulitamka. Kwamba kila alipoambiwa bado, jawabu lilikuwa ndani, hatua chache kutoka pale dakani alipoketi akinywa maji yetu, hilo sijui nitalianzaje.