Wimbo Wako wa Mvua, Njeri, Usiupigie Kelele

Njeri, mke wangu (neno hilo bado nalivaa kama kiatu kipya, natembea nalitazama),

Tangu basi lako liondoke kwenda Nairobi situlii. Nimefagia chumba, nimekaa, nimesimama, nimefagia tena. Jioni hii unaingia studio kurekodi zile nyimbo zako za pembeni, zile laini za roki ya kuimbika, ambazo bendi yako ya panki, ya muziki wa makelele, haitaki hata kuzisikia. Na uliyoniambia asubuhi kwenye simu yananichoma: "Nikiogopa nitazipigia kelele tu, mpenzi, ziishe."

Usizipigie kelele. Nakuomba.

Unakumbuka tulipohamia mtaa huu wa Kamwokya, harusi ikiwa bado mbichi? Ulifanya mazoezi ya panki, ukanguruma mpaka sufuria zikatetemeka, nami kitandani nakutazama, nimependa mpaka nimekuwa mjinga. Jirani yetu Mama Akello aliongeza tu sauti ya redio yake. Halafu jioni moja ukashika gitaa, ukageukia ukuta kwa aibu, ukaimba wimbo wa mvua, taratibu. Ulipomaliza ubeti wa kwanza, mlango ukagongwa.

"Wewe kijana," Mama Akello akaniambia, mwiko mkononi, "umemfanya nini mtoto wa watu? Bambi, maskini, analia!"

"Halii, Mama. Anaimba."

"Huyu akiimba anapiga kelele. Mimi simjui? Toka hapo nimwone!"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Lakini Otim, mpiga ngoma wenu, aliposimuliwa alikutania vibaya: "Sasa dada, utaimbia maharusi wakikata keki?" Ulicheka tena, ila gitaa likahamia nyuma ya kabati. Niliona. Mimi nimekulia kambi ya polisi, kwenye amri na tarumbeta, muziki siujui. Najua tu kwamba nilioa sauti zako zote mbili. Kwa hiyo ulipolitoa lile gitaa na kukata tiketi, nilitaka kupiga vigelegele mimi mwenyewe.

Sasa sikia kilichotokea mchana huu, nakiandika wazi humu kwenye simu ili hata Otim ukimwonyesha akisome. Nilikwenda kuchota maji. Mama Akello alikuwa anafua, hajaniona, na alikuwa anaimba wimbo wako! Ubeti ule mmoja, anaurudia na kuurudia. Maneno amekosea karibu yote, mvua yako ameifanya ya Bwaise, ule mtaa wa mafuriko, inaingia mpaka chini ya kitanda, lakini sauti inapanda palepale unapopandisha wewe. Nilisimama na dumu langu, nikamsikiliza.

Aliponiona akakamua shuka kwa hasira.

"Bibi yako anarudi lini?"

"Wiki ijayo, Mama."

"Mwambie nataka kujua mvua iliishaje. Siku ile niligonga mlango, hakumaliza."

Basi umalize, mpenzi. Geukia ukuta ukitaka. Lakini taratibu, mpaka mwisho.

Ni mimi, mume wako, bado nafagia.