Dirisha Lililomnenepesha Taban

Jumatatu, 2 Desemba 2013
Jenereta inanguruma. Nimefuta vumbi kwenye skrini, wateja wa paspoti wameanza kuja. Mitihani imekwisha, kwa hiyo nashinda studioni kwa Mjomba Ladu, soko la Jebel, mbele ya kompyuta pekee ninayoruhusiwa kugusa. Programu niliyoiandika inatafuta uso kwenye picha na kuuzungushia mraba. Inafanya kazi. Tatizo ni kamera mpya. Picha zake ni kubwa mno, na dirisha la kuzionyesha linafunguka kwa ukubwa wa picha, si wa skrini. Leo kasisi alikuja kuchagua picha yake. Akaonyeshwa ukuta na nusu ya sikio. Alilitazama sikio kwa adabu. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Jumatano, 4 Desemba
Mjomba amesema mteja mmoja tu akikimbia kwa sababu ya miraba yangu, kompyuta nitaisahau. Hatanii. Bila kompyuta hiyo sina pengine pa kujifunzia. Shuleni ipo moja na haiwaki.
Nimesoma kitabu alichoniwekea mwalimu kwenye flashi. Jibu ni mstari mmoja: liambie dirisha mapema kwamba linaruhusiwa kubadilika ukubwa, kisha buruta pembe yake, picha itajibana humo. Mstari mmoja! Na mimi nimekuwa nikiwaonyesha watu masikio.

Ijumaa, 6 Desemba
Amekuja Taban, mlinzi wa getini huko mtaa wa Thongpiny. Anaoa. Wakwe wako Arua, ng'ambo ya mpaka, hawajawahi kumwona, wanataka picha. Ni mwembamba sana, na suti ya kuazima ilimning'inia. Nilikuwa na haraka, nikaburuta dirisha upande mmoja tu. Taban akatokea mpana, mashavu kama ya mbunge. Nikataka kurekebisha, akanishika mkono.
"Wacha hapo hapo. Hii sasa ndiyo mimi."
Mjomba akamsifu. Nilitaka kueleza kwamba nimebadilisha dirisha tu, picha yenyewe haijaguswa na itatoka kama alivyo. Watu walikuwa wengi. Nikamwita mteja aliyefuata. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 7 Desemba
Taban ameona picha yake kwenye karatasi. Akaigeuza, akatafuta unene wake hata nyuma.
"Wewe binti, ile mwili yangu umepeleka wapi?"
Nikasema ulikuwa kwenye skrini tu.
"Basi toa kwenye skrini."
Mjomba naye akasema nitoe. Taban ametishia kwenda kwa jirani yetu mwenye studio. Amesema atarudi Jumatano kuona. Mjomba alinitazama kama anavyoitazama jenereta ikikohoa.

Jumatano, 11 Desemba
Nimejua namna ya kupanua picha yenyewe. Nikamchapisha Taban mnene. Hata suti ilimtosha. Lakini nilijisikia vibaya, nikachapisha na ile ya kweli, nikaziweka zote mezani. Kisha nikasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu mzima.
"Kaka Taban, ukipeleka huyu mnene, siku ya kufika watampokea nani? Watakuacha getini waendelee kumngoja yeye."
Taban aliziinua zote mbili, moja kila mkono. Akacheka mpaka akakaa. Amechukua zote mbili: mwembamba kwa wakwe, mnene wa kutundika chumbani kwake. Mjomba amemtoza zote. Baadaye akaniambia nisiichezee kompyuta kwa mikono yenye mafuta. Maana yake nimesamehewa. Nina furaha.

Jumatatu, 16 Desemba
Risasi zinalia mjini tangu jana usiku, wanasema wanajeshi wanapigana wao kwa wao. Tumelala chini ya kitanda. Studio imefungwa. Mjomba anapiga simu, hazipiti. Naogopa.

Jumamosi, 21 Desemba
Tumeukimbia mji. Tuko Yei, njiani kwenda Arua. Nafasi kwenye pikapu ilikuwa ndogo, kila mtu na mzigo mmoja. Mjomba alikuwa ameshapakia godoro lake. Akasimama kidogo, akalishusha, akalisukuma ndani ya nyumba na kufunga mlango. Mahali pake akaweka kompyuta, imezungushiwa shuka.
Sasa ni mchana, tumepumzika kwenye veranda ya kanisa. Mjomba amejinyoosha juu ya saruji na amepata usingizi. Nimekunja kitenge changu, nikakiweka chini ya kichwa chake.