Mvua ya Kupandwa Kivukoni

Jumatatu, 4 Oktoba 1971

Mvua. Jana ilikuwa sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli, na mwezi wenyewe hatukuuona hata ukucha. Nyumbani Hai Phong, bandarini, watoto wamezunguka na taa za karatasi. Sisi huku porini tumezunguka na makoleo. Tope mpaka magotini. Lori langu, Bibi Mrusi, limelala chini ya matawi kama nguruwe mwenye mimba. Mgongoni mchele, chumvi, kwinini.

Mimi Khoat! Niliyeshuka mlima bila breki nikiimba. Niliyewafundisha mabaharia wa Odessa kula mchuzi wa samaki — mmoja alilia, kisha akaomba tena. Leo nimezuiwa na kijito! Wakati wa kiangazi mbuzi hukivuka bila kulowa tumbo.

Ng'ambo kuna kikosi cha dada Mien, wasichana wanaotengeneza barabara ikishapigwa mabomu. Mchele wao umekwisha. Mchele wao ninao mimi. Habari yote ndiyo hiyo.

Jioni tulipigiana kelele mtoni. Dada Mien akauliza, Kaka Khoat, umeshaoa au bado unachumbia lori? Nikamjibu nangoja mchumba wangu wa ng'ambo anenepe kwanza. Akasema basi lete huo mchele, unangoja ninenepe kwa upepo? Wakaangua kicheko wote. Wana njaa na wanacheka — hao si watu, ni chuma!

Jambo moja linaniudhi. Kereng'ende. Asubuhi mvua ilikatika kidogo, nao wakaruka juu, juu kabisa. Kwetu kila mtoto anajua: kereng'ende juu, jua laja. Nikawatangazia wenzangu kwamba kesho tunavuka. Nikaapa mbele ya watu! Kabla ya chakula cha mchana mvua ikanishushua.

Jumatano, 6 Oktoba

Kamanda Lai amerudi kutoka makao makuu, kalowa kama bata. Anasema wakubwa wana habari: adui anapanda mvua. Anaipanda! Kwa ndege. Anatia dawa mawinguni, mawingu yanakojoa, barabara yetu inageuka uji. Nilicheka mpaka kofia ikadondoka. Nikamwambia, Kamanda, kwetu chura ndiye mjomba wa Mbingu, akisaga meno tu inanyesha. Sasa Wamarekani wamemhonga chura kwa chingamu? Hata Kamanda akacheka, na yeye kicheko chake ni cha mwaka mpya tu.

Tuat hakucheka. Tuat ni utingo wangu, mtoto wa wakulima wa mpunga. Akasema: bomu sawa, bomu ni lake, kalitengeneza mwenyewe. Lakini mvua ni ya bibi yangu. Akaenda kukaa peke yake nyuma ya tairi.

Mchana nikalala chali chini ya majani, nikatazama. Ndege ikapita juu ya wingu taratibu, kama mgeni anayetafuta nyumba ya jamaa. Bomu hakuna. Ikazunguka, ikaenda zake. Sigara yetu ya kupokezana ilikuwa haijafika kwa mtu wa mwisho — wingu likavimba, likamwagika.

Si ushahidi, najua. Labda ingenyesha tu. Shule nilitoka darasa la nne, sikuaga. Lakini moyo wangu umeamini, na nina hasira. Nimepigwa mabomu, nimepigwa risasi, na kwa hayo yote tusi ninalo tayari. Kwa hili sina. Natafuta.

Alhamisi, 7 Oktoba

Mvua. Tusi bado.

Ijumaa, 8 Oktoba

Leo dada Mien hakunitania. Sauti imemkauka. Alisema wanakula machipukizi ya mianzi na majani ya porini, na mdogo wao Sen ana malaria, anatetemeka mpaka kitanda kinasogea. Kwinini hawana hata tembe moja. Nikamwambia, dada, mwambie Sen kaka yake yuko njiani. Akajibu, njiani wapi? Nakuona umesimama.

Limenichoma.

Tulifunga kwinini ndani ya nailoni, tukaiweka juu ya kichaga cha mianzi, tukakisukuma. Maji yakakinyakua kama mwizi wa sokoni. Tuat akajifunga kamba akaogelea. Tulimvuta, karudi buluu, anatapika mto mzima. Huyo ndiye mwogeleaji wetu bora! Mimi, mtoto wa bandari, naogelea kama pasi.

Lori tu ndilo zito la kutosha. Na lori lina shida yake. Kivuko chetu ni mawe yaliyopangwa chini ya maji, ili rubani aone mto tu, asione barabara. Hatukuweka hata kijiti cha alama. Tulijisifu sana! Sasa maji yamekuwa juu na mekundu, ukingo wa mawe hauonekani, na gurudumu likitoka nje kidogo tu, kwaheri. Na sheria ni kuvuka usiku, taa zimezimwa. Tulimficha adui vizuri mno, tukajificha na sisi wenyewe.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimepata tusi! Si la mdomo, la magurudumu.

Nilimwendea Kamanda asubuhi. Nikamwambia, tazama juu. Wingu limekaa juu ya miti kama sufuria kwenye jiko. Unaona nini? Akasema, sioni kitu. Nikamwambia, na rubani naye haoni kitu. Katupa mwavuli, na sisi tunalala chini yake! Tuvuke mchana.

Akaniuliza nimepata wapi pombe.

Tukabishana mpaka wali wa watu ukapoa. Hoja yake si ya kijinga, naiandika kwa haki: wingu likifunguka tukiwa katikati, halipotei lori moja tu, kivuko kinajulikana, na magari yote yaliyo nyuma yetu yamekwama. Nikasema, na Sen je? Kamanda akatazama ng'ambo. Ana binti wa umri huo.

Mwisho akasema, hata mchana ukingo utauonaje?

Jibu likatoka ng'ambo. Kumbe tulivyokuwa tunapiga kelele walisikia kila neno! Dada Mien akaita: mawe tuliyapanga sisi. Tunayajua kwa nyayo. Tutasimama majini, pande zote mbili, wewe pita katikati. Ndivyo wanavyofanya usiku, wanavaa vitambaa vyeupe vya ile miavuli inayoshusha fataki za kumulika za ndege za adui, dereva anafuata weupe. Lakini kwenye maji haya? Na matumbo matupu?

Nikasema hapana. Nikasema mimi siendeshi juu ya wasichana wenye njaa.

Akapiga kelele mpaka ndege wa miti wakaruka: Kaka Khoat! Unafikiri mchele utakuja kwa miguu yake? Wewe kazi yako usukani. Ya kwetu tuachie!

Kamanda kakubali. Uso wake kama amemeza jiwe.

Jumapili, 10 Oktoba

Matayarisho. Bomba la moshi tumelinyanyua juu, feni ya injini tumeifunga isirushe maji. Tuat kakamata samaki, nikaanza kumgeuza kwenye moto — akanirukia! Safarini samaki hageuzwi, lori litapinduka. Nikamwambia mimi ni mtu wa dunia, hayo siyaamini. Tumemla upande mmoja, mwingine tumeuacha mbichi. Sikuamini, lakini sikumgeuza.

Ng'ambo wanajifunga kamba viunoni, mmoja kwa mwingine. Dada Mien aliniambia Sen leo hakuweza kumtaja hata yeye kwa jina. Basi.

Namwomba huyo mpanda mvua kitu kimoja tu: kesho usitubanie, ndugu. Mwaga!

Jumatatu, 11 Oktoba

Naandika juu ya usukani, mguu kwenye breki. Tuko katikati ya mto. Ndiyo, katikati! Mwandiko huu asiusome mwalimu.

Tuliingia mvua ikipiga kama kokoto. Nikawaona: mistari miwili ya weupe, maji vifuani, wamefumba macho kwa matone. Nikapita kati yao nikiwa nimeshusha kioo. Kila mmoja ananigongea bati nikimfikia — endelea, kaka, endelea. Mmoja akanipigia saluti kama mimi jenerali. Nikamrudishia! Sijawahi kuendesha vizuri hivi. Na sijawahi kuogopa hivi, hilo liandikwe pia.

Kisha gurudumu la mbele likazama. Mawe yamechukuliwa na maji. Tuat yuko chini na wasichana wa mbele, wanapokezana mawe mikononi, wanayashindilia. Amri ya Kamanda: dereva haachi breki. Kwa hiyo nimekaa kama bwana harusi.

Mvua imepungua.

Mvua imekatika. Siamini. Tusi langu lote limegeuka dua — nyesha, mbwa wewe, nyesha!

Wingu limepasuka upande wa mashariki. Jua. Mto mzima unang'aa na wale wasichana wanang'aa kama maua ya yungiyungi. Mimi nawaona vizuri sana. Kila mtu aliye juu atawaona vizuri sana.

Mlio wa ndege. Mbali, lakini ni ule ule.

Kamanda anapiga kelele kutoka ukingoni: vueni nyeupe! Rudini! Wakivua, wanakuwa rangi ya maji, na mimi nakuwa kipofu. Nimewaita, rudini, dada, lori ni chuma tu. Dada Mien yuko mbele kabisa, midomo imekuwa buluu. Amegeuza kichwa tu. Eti: Kaka Khoat, unaandika barua ya mapenzi? Tia gia!

Tuat amegonga bati mara mbili. Jiwe limeshika.

Ndege inakuja. Nimewatazama wote, mmoja mmoja, mpaka ng'ambo. Hakuna aliyevua nyeupe.