Turbo ya Khocha, na "Ndiyo" Niliyoisema

Jumanne, Kitale. Mvua.

Wewe unayesoma hapa, sijui wewe ni nani, lakini nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea. Haya yabaki kwako. Kama uko saiba, kwenye kompyuta za kulipia, usiyasome kwa sauti. Usimsimulie mwenzako kazini, hata kama hanijui. Kati ya Kitale na Bungoma kila mtu ana binamu anayemjua binamu yangu.

Mvua imenyesha tangu mchana. Ofisini, ambako mimi ni karani, nimepanga faili kwenye rafu isiyo yake, nikazitoa, nikazipanga tena vibaya. Mkubwa wangu ameniuliza kama naumwa. Nimesema ni homa. Huo ni uongo pia, ila ni mdogo kuliko wa jana.

Uongo wa jana ulikuwa wa neno moja, na kwa sababu yake dada yangu anaweza kumkosa mume.

Khocha ni mjomba wetu, ndugu ya mama. Ndiye aliyetulea mimi na dada yangu Nekesa nyumbani kwake Kamukuywa baada ya baba kufariki. Ana pikapu ya dizeli, ya zamani, ya aina yenye turbo, ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani. Mwaka jana pikapu hiyo ilikuwa imechoka kabisa. Ilikunywa oil, yale mafuta ya kulainisha injini, kuliko dizeli, na asubuhi ilihitaji wanaume wa kuisukuma. Watu walimshauri Khocha aiuze kama vyuma. Wafula akasema aachiwe yeye.

Wafula ni fundi hapa Kitale, na ndiye anayetaka kumwoa Nekesa. Si mtu wa kunyamaza. Anaongea na wateja, anaongea na injini, akikosa mtu anajijibu mwenyewe. Lakini kazi ile aliifanya kwa upole niliokuwa sijauona kwake. Aliifungua injini yote. Akaweka pistoni na ringi mpya, akapeleka hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikasawazishwa, akabadilisha beringi. Paipu inayopeleka oil kwenye turbo, ambayo ilikuwa imeziba nusu, akaitupa na kutafuta nyingine. Akaweka rejeta kubwa zaidi ya kupoza maji ya injini. Wenzake wa gereji walimwambia aongeze nguvu ya turbo kidogo, si gari lishafunguliwa? Akakataa.

"Hii si ya mashindano, bana," alisema. "Nataka hii gari ibebe Khocha mpaka wajukuu waichoke."

Gereji nzima ilicheka, kwa sababu sote tulijua ni wajukuu gani anawazungumzia.

Alitoa sharti moja tu, na alinipa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye leseni na ndiye ninayemwendesha Khocha kila mwisho wa wiki. Tukifika mahali baada ya safari au mlima, nisizime injini papo hapo. Niiache ingurume polepole kwanza, turbo ipoe. Ukizima ghafla, oil haiendi tena kule, na turbo inaendelea kuzunguka ikiwa kavu na moto, na ile oil iliyobaki ndani inaungua kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni. Nilimwelewa. Hata nilisoma kitabu cha gari lenyewe, kikasema vilevile.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu.

Khocha ni mzee wa kanisa. Kwetu gari likifika salama, hakuna anayefungua mlango kabla ya maombi ya kushukuru. Na Khocha hawezi kuomba injini ikinguruma. "Zima tushukuru," husema, wakati mwingine hata gari halijasimama vizuri.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo nilijaribu. Nilisema, "Khocha, tungoje kidogo ipoe."

Akanigeukia polepole. "Mungu angoje mashini?"

Akina mama wa kanisa waliokuwa wameketi nyuma walicheka sana. Mmoja akasema, "Karani ameanza kumpangia Mungu foleni." Nikazima.

Tangu siku hiyo sikujaribu tena. Ningeweza kumwomba Wafula aje amweleze mwenyewe. Ningeweza kupunguza mwendo mapema, tuingie nyumbani polepole injini ikiwa imeshapoa kiasi. Nilifikiria hayo yote nikiwa kitandani, na kila tulipofika nilisikia "zima tushukuru," na mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo kabla sijaamua. Kisha nilifumba macho. Wengine walikuwa wakishukuru. Mimi nilikuwa nikisikiliza turbo ikizunguka peke yake chini ya boneti, mluzi mwembamba unaofifia, na nilijua kabisa ninachokifanya.

Msimu mzima nimefanya hivyo.

Jumamosi tulitoka Bumula na magunia, na wale akina mama juu ya magunia. Hatujafika Kamukuywa, turbo ikaanza kulia kama msumeno, moshi wa bluu ukafunika barabara, na nguvu zikaisha. Trekta la jirani likatukokota mpaka nyumbani, na jana likaileta pikapu huku Kitale. Saa ya chakula nikatoroka ofisini kwenda gereji. Khocha alikuwa ameshafika, amesimama na mwavuli wake.

Wafula aliitoa turbo, akaishika shafti, mhimili wa ile feni, kwa vidole viwili. Ilicheza kama jino la mtoto. Ndani kulikuwa na ukoko mweusi. Aliukwaruza kwa kucha, akauangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Shem," akasema, maana tayari huniita shemeji, "ulikuwa unaiacha ipumue kabla ya kuzima?"

Khocha alikuwa karibu kiasi kwamba bega lake liligusa langu. Mafundi wengine walikuwa wameacha kazi ili wasikie.

Nikasema, "Ndiyo."

Khocha akatingisha kichwa kukubali. "Umesikia? Huyu namjua tangu mtoto. Ni mwoga, lakini hadanganyi."

Nilimngoja Wafula aseme kitu. Ukoko ulikuwa kwenye kucha yake. Mtu anayebishana mpaka na redio alishindwa kunibishia. "Kama Shem amesema hivyo," akasema, "basi sina neno. Pengine ni paipu niliyoiweka."

"Shem ya nani?" Khocha akamuuliza. "Mtu ameshindwa na chuma, nimpe mtoto wa dada yangu? Waambie wazee wako wasijisumbue hiyo Jumamosi."

Jumamosi hii ndiyo wazee wa Wafula walikuwa waje Kamukuywa kuzungumzia mahari. Kuku wameshatengwa. Nekesa ameshashona nguo.

Nilirudi ofisini nikafanya kazi mpaka jioni. Sijui nilifanya kazi gani.

Usiku Nekesa alinipigia kutoka chuoni Bungoma. Hakuwa analia, na hilo liliniumiza zaidi. Aliuliza tu, "Kaka, ati Wafula aliharibu? Wewe uliona?" Nikamjibu kwamba mimi si fundi. Akasema sawa, akanitakia usiku mwema.

Nimejitetea vya kutosha tangu jana. Nimejiambia kwamba hata Khocha ana makosa, yeye ndiye aliyesema nizime. Ni kweli, lakini Khocha hakujua, hakuna aliyemweleza. Mimi nilijua. Nimejiambia pia kwamba Wafula atasamehewa baada ya mwezi au miwili. Lakini nani ataleta gari kwa fundi aliyeua injini ya baba mkwe wake? Ile injini nzima iko sawa. Kazi yake yote iko sawa. Kilichokufa ni kile nilichoachiwa mimi.

Nimeomba ruhusa ya kesho asubuhi. Nitapanda kwenda Kamukuywa nimwambie Khocha mbele ya mke wake, ili nisipate nafasi ya kupunguza maneno. Atanikemea. Pengine hatanipa tena ufunguo. Naogopa hata sasa ninapoandika. Je, nitafika mlangoni kwake kisha niseme nimekuja kuwasalimu tu? Naweza. Najijua.

Kwa hiyo sitaacha nafasi hiyo. Blogu hii ni wewe uliyenifungulia, Nekesa, na najua huwa unapita hapa ukimaliza masomo. Nikishabonyeza kitufe cha kuchapisha, utakuwa umejua.

Ukitaka kunipata, usipige simu ofisini, sitakuwepo. Kesho alasiri pita gereji kwa Wafula. Ukinikuta hapo nimemshikia taa, ujue nimeshasema. Usiponikuta, njoo nyumbani kwangu, ile nyumba iliyo nyuma ya kinu cha kusaga unga wa posho, mlango wa bluu. Gonga kwa nguvu, kwa sababu nitajifanya nimelala. Kisha unishike mkono unipeleke kwa Khocha wewe mwenyewe.