Saratani Iliondoka, Uvivu Ukabaki

3 Machi

Mwanangu,

Nimekukosea, na hilo nalitanguliza kabla ya salamu. Hujambo? Sisi huku wazima, mama yako magoti tu.

Siku ile tunatoa kochi la mteja karakanani, ukaachia upande wako ukaketi chini unahema, nilisema mbele ya mafundi wote: "Saratani iliondoka, uvivu ukabaki." Wakacheka. Nami nikacheka. Wiki haikuisha ukahama. Sasa shangazi yako anasema ulilazwa, moyo. Ni kweli?

Baba yako

21 Machi

Baba, shikamoo.

Sijambo kidogo. Ni kweli, wodini nimetoka juzi. Daktari anasema dawa zilizoniponya saratani ya damu nikiwa na miaka saba ndizo zilizouchosha moyo, polepole, miaka yote hii. Sasa unasukuma damu kama pampu ya baiskeli iliyokwisha mpira. Ngazi za hapa nazipanda kama bibi harusi: hatua, pumziko, hatua.

Ameuliza, hamkuambiwa niwe napimwa moyo kila mwaka? Nikamjibu, wazazi wangu wangeambiwa wangenipeleka.

Msalimie mama.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa hizo ngazi. Barua yako nimekaa nayo.

Niliambiwa. Mimi, peke yangu. Mama yako alikuwa nje anakuvalisha viatu. Nikakupeleka mara mbili. Mara ya tatu jirani akatuona tunatoka, akauliza, "Kwani imerudi?" Nikaona haya, maana nilishawatangazia watu kwamba umepona. Nikageuza njia, tukarudi nyumbani. Mama yako alipouliza, nikamwambia daktari amesema basi, kidonda kilichopona hakichokonolewi. Maneno hayo yalikuwa yangu, si ya daktari.

Jana nimemweleza mama yako. Chakula ananiwekea, neno hanipi. Mafundi nao nimewaambia ule haukuwa uvivu. Hakuna aliyecheka.

Usinijibu kama hutaki. Kesho nakwenda hospitali ile ya watoto kuuliza ulipewa dawa gani na kiasi gani, na siondoki bila jibu. Shangazi yako anasema kliniki yako ni Alhamisi, tarehe 17. Asubuhi hiyo utanikuta nimeketi mlangoni kwa daktari wako. Nitamwambia mwenyewe, nawe unasikia, kwamba niliambiwa.

Baba yako